Kujitolea Ugenini: Safari za Wanafunzi Zikitazamwa Kutoka Kasenga

Safari ya kujitolea ya mwanafunzi ni ile ambayo kijana aliye bado shuleni au chuoni huvuka mpaka wa nchi yake, kwa majuma mawili au kwa miezi kadhaa, akafanye kazi isiyo na mshahara katika jamii ambayo si yake, nayo hutofautishwa na utalii kwa sababu msafiri husema anakwenda kutoa na si kutazama, ingawa mara nyingi mambo hayo mawili hukatiwa tiketi moja. Katika Afrika ya Mashariki safari hizo zina vituo vyake vinavyojulikana, kama Arusha na Moshi, Jinja, Mombasa na Zanzibar. Kasenga, mtaa wa mji wa Uvira ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, haumo katika orodha hiyo wala hauelekei kuingizwa karibuni, kwa kuwa serikali nyingi za Magharibi zimewaonya raia wao wasifike Kivu Kusini, na ni vigumu chuo kumkatia bima mwanafunzi anayekwenda mahali ambapo serikali yake imemwonya asiende. Hata hivyo Kasenga ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili, pengine pazuri kuliko Arusha, maana watu wa pwani hii wamelijua neno kujitolea kwa pande zake zote: wamelazimishwa kujitolea, wamewapokea waliokuja kujitolea, na wao wenyewe wamekwenda kujitolea ugenini pasipo mtu wa kuwapiga picha.

Neno lenyewe linastahili kuchambuliwa kidogo. Kujitolea hutokana na kutoa, likatiwa kiambishi cha kujirejea ji- pamoja na mnyambuliko wa kutendea, hivyo maana yake ni mtu kuitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo fulani au watu fulani. Ji- ikiondolewa na kauli ya kutendwa ikiingia, hubaki kutolewa, na katika historia ya Kongo umbali kati ya maneno hayo mawili umekuwa mdogo mno. Amri ya serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ya mwaka 1917 iliwalazimisha wanavijiji kulima kwa siku 60 kila mwaka mazao yaliyochaguliwa na watawala, na katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilianzisha salongo, yaani kazi ya pamoja ya kufagia barabara, kuzibua mitaro na kulima mashamba ya umma, ambayo kwa jina ilikuwa ya hiari na ya uzalendo, lakini asiyetokea angeweza kujikuta kizuizini. Mzee wa Uvira aliyefagia barabara enzi za Zaire ana haki ya kuuliza, anaposikia habari za kujitolea, ni nani atakayeita majina.

Safari za vijana kwa maana ya kisasa zilianzia mbali na ziwa hili. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole aliwakusanya watu wachache wa mataifa tofauti, wakiwemo waliokuwa maadui vitani muda mfupi kabla, wakajenge upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, kilichobomolewa na Vita Kuu ya Kwanza, na kutokana na kambi hiyo likazaliwa shirika la Service Civil International. Mwaka 1958 Waingereza walianzisha VSO, ambayo mwanzoni ilituma vijana waliotoka tu sekondari, na mwaka huohuo mchungaji Mmarekani mweusi James H. Robinson aliwapeleka wanafunzi wa vyuo Afrika ya Magharibi kwa mpango alioupa jina la Operation Crossroads Africa; Rais Kennedy baadaye aliutaja mpango huo kuwa mzazi wa Peace Corps, jeshi la amani la Marekani lililoundwa mwaka 1961. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea kundi la Peace Corps, na jambo la kuzingatia ni kwamba wale waliofika mwaka huo walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliotakiwa kwa ajili ya barabara, kwa sababu nchi iliyokuwa ikielekea uhuru haikuwa na wapima wa kutosha, nayo ilijua kwamba haina.

Kivu nayo iliwaona. Peace Corps ilifanya kazi Zaire kuanzia mwaka 1970 hadi Septemba 1991, wanajeshi wasiolipwa walipopora Kinshasa na wageni wakaondolewa, na kwa miaka kadhaa vijana waliowasili walifundishwa lugha na kazi huko Bukavu, uliokuwa mji mkuu wa Kivu, kabla ya kupelekwa mikoani. Wengi wao walisambaza ufugaji wa samaki, hasa tilapia, katika mabwawa ya kuchimbwa, na kanuni yao ilikuwa ngumu kidogo kwa mwenye huruma: mgeni hapaswi kulichimba bwawa. Alitakiwa kupima mteremko, kuonyesha maji yaingie wapi na yatoke wapi, kueleza jinsi ya kurundika majani na samadi pembeni ili maji yageuke kijani na samaki wapate chakula, kisha kurudi kila juma kwa miaka miwili kutazama mkulima amefikia wapi, kwa sababu bwawa lililochimbwa na mgeni lingekuwa la mgeni na lingefukiwa na matope siku aliyoondoka. Miaka miwili katika kijiji kimoja ni muda wa kutosha mtu kuugua malaria, kugombana na jirani, kupatana naye na kuzika watu anaowafahamu. Ni vigumu kumwita mtu huyo mtalii.

Kilichokuja baadaye, hasa tangu miaka ya 1990, ni kupunguzwa kwa muda huo hadi ukatosha ndani ya likizo. Makampuni na mashirika ya Ulaya, Marekani na Australia yalianza kuuza majuma mawili ya kujitolea yaliyopangwa kikamilifu, kuanzia kupokewa uwanja wa ndege hadi siku za mwisho za kutazama wanyama mbugani, na shule nyingi za kulipia zikayaingiza katika ratiba zao. Mwandishi Mmarekani Pippa Biddle alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alikwenda Tanzania kwa safari ya namna hiyo, iliyomgharimu kila msichana dola 3,000 kwa juma moja kwenye kituo cha yatima na juma la pili la mbugani, na kazi waliyopewa ilikuwa kujenga maktaba. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 2014, yaliyosomwa sana na kubishaniwa sana, alieleza kwamba baadaye waligundua jambo ambalo wenyeji hawakuwa wamewaambia: kila usiku, wageni walipolala, mafundi walirudi kubomoa ukuta uliojengwa mchana na kuujenga upya, ili asubuhi wasichana waamke na kuuona umesimama.

Yeyote aliyewahi kusimama karibu na fundi anaelewa kilichotokea. Kozi ya matofali, yaani safu moja ya ukuta, haipangwi kwa macho. Fundi husimamisha tofali la pembeni kwa timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma kinachoning'inia, akavuta uzi kutoka pembe hadi pembe, akalaza kila tofali likiugusa uzi bila kuusukuma, akagonga kwa mpini wa mwiko, akakwangua udongo wa saruji uliotokeza, na kabla ya kuanza kozi ya pili akaweka pimamaji. Tofali moja likizidi kidogo chini, ukuta utakuwa umepinda kwa upana wa vidole kadhaa utakapofika kwenye linta. Anayeanza kujifunza hupewa kwanza kazi ya kukoroga na kubeba, akaifanya kwa miezi, naye haoni kuwa anadharauliwa. Wasichana wale walipewa mwiko siku ya kwanza kwa sababu walikuwa wamelipia mwiko, na mafundi walipewa zamu ya usiku kwa sababu kituo kilihitaji vitu viwili ambavyo havikupatana mchana: maktaba iliyonyooka, na fedha za watu wanaoamini kwamba wameijenga.

Lawama hapa zisiwe nyingi mno juu ya vichwa vya vijana. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na methali hiyo husomwa kwa kawaida kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ina upande mwingine usiotazamwa sana, kwamba jembe hutangulizwa na siku mbili ambazo mgeni anakaa, anakula, anatazama watu wanavyofanya kazi na wao wanamtazama yeye, na kwamba anayepewa jembe ni mtu anayeonekana atakaa. Safari ya majuma mawili huipindua methali: mgeni anadai jembe anapotua, na siku ambayo mwenyeji angekuwa ameanza kumjua, mgeni yuko mbugani.

Swali la kwanza la kuuliza juu ya safari yoyote ya namna hii ni kama mikono ndiyo iliyopungua. Katikati ya Aprili 2020 mvua kubwa zilinyesha juu ya milima ya Uvira, mto Mulongwe ukafurika na kushusha mawe na matope katikati ya mji, watu zaidi ya 40 wakafa, makumi ya maelfu wakabaki bila makao, na mitaa ya kando ya mto, Kasenga ukiwa mmojawapo, ikafukiwa. Siku zilizofuata mikono haikukosekana hata kidogo. Vijana wa mitaa walichimbua nyumba kwa koleo na sufuria, walibeba wagonjwa mgongoni, walivusha watu mahali maji yalipokata njia. Kilichokosekana ni mashine za kuondoa mawe, maturubai, mabomba ya kutengeneza mtandao wa maji uliong'olewa, na wahandisi wa kupanga gabioni, yaani vikapu vya waya vinavyojazwa mawe ili kuuzuia mto usile kingo zake. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya siasa, hata awe na moyo wa dhahabu, hakuwamo katika orodha hiyo.

Madhara huwa makubwa zaidi pale kazi inayotolewa inapohusu watoto au wagonjwa, maana ukuta mbovu hubomolewa usiku ule ule, lakini mtoto aliyezoeshwa kupakatwa na mgeni mpya kila juma la pili hana fundi wa kumrudishia mahali pake. Australia, katika sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, ilikuwa nchi ya kwanza kutambua kwamba kuwakusanya watoto vituoni ili kuvutia wafadhili na wageni wa kujitolea ni namna ya biashara ya watu. Huko Jinja, Uganda, kesi ilifunguliwa mwaka 2019 dhidi ya Mmarekani aliyefika nchini akiwa kijana mdogo asiye na elimu ya utabibu na kuendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo, ambako watoto kadhaa walikufa. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2020 bila upande wake kukiri kosa. Mapema zaidi, Aprili 1968, padri Ivan Illich alialikwa Mexico kuzungumza na wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda vijijini, akawaambia waziwazi kwamba wangefanya vizuri zaidi kubaki kwao, na kama wakija, waje kutazama na kusoma. Na wanafunzi wa Norway wa shirika la SAIH walichagua mzaha: mwaka 2012 walitoa video ambayo ndani yake Waafrika wanachangisha mashine za kupasha joto nyumba ili kuwaokoa Wanorway wanaoganda kwa baridi. Inachekesha mpaka mtu anapotambua kwamba hakuna kilichobadilishwa ila pande mbili.

Yapo kwa upande wa pili mambo ambayo wageni waliosoma wameyafanya Uvira yakafaa, na yote yanafanana kwa jambo moja, nalo ni kwamba yalikaa juu ya kazi ya wenyeji. Kipindupindu kimekuwa kikirudi mjini humo mwaka hadi mwaka, na maji ya bomba ya Regideso, shirika la maji la taifa, hukatika umeme unapokatika au mitambo inapokwama, hapo watu huteremka ziwani na kwenye mito wakiwa na bidoni, kama madumu yanavyoitwa Kongo. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba za nchi za joto cha London, wakiongozwa na Aurelie Jeandron, walichapisha uchambuzi uliolinganisha kiasi cha maji kilichotoka mitamboni kila siku na idadi ya waliolazwa katika kituo cha kipindupindu, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, na wakaona kwamba baada ya siku isiyo na maji kabisa idadi ya wanaoshukiwa kuugua huongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata, na kwamba karibu robo ya wagonjwa wote walitokana na upungufu wa maji ya bomba. Hesabu hiyo ilifanywa na wageni. Lakini tarakimu zilikuwa za fundi wa zamu aliyeandika kila siku mita za ujazo daftarini na za muuguzi aliyeandika jina, umri na mtaa wa kila aliyeletwa, miaka mitano mfululizo, katika mji uliozungukwa na vita. Na utafiti juu ya chanjo ya kipindupindu iliyotolewa Uvira baada ya mafuriko ya 2020 uliongozwa na daktari Mkongo, Espoir Bwenge Malembaka wa Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, kwa kushirikiana na wenzake wa Marekani.

Ziwa lenyewe limewahi kuwa na safari ya wanafunzi iliyokiri wazi kwamba msafiri anakuja kufundishwa. Nyanza Project, iliyoendeshwa na Chuo Kikuu cha Arizona huko Kigoma tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa fedha za mfuko wa sayansi wa Marekani, iliwachanganya wanafunzi wa Marekani na wenzao wa nchi za kando ya ziwa, wakapima joto la maji, wakachimbua tabaka za tope la chini na kuhesabu konokono na samaki, kisha wakaandika ripoti. Hakuna aliyejiita mkombozi wa samaki, na labda ndiyo sababu mpango huo hautajwi katika mabishano haya.

Kujitolea kwa kila siku, kule ambako hakuhitaji pasipoti, kunaonekana mchangani asubuhi. Kipindupindu kinapochachamaa, mahali ambapo mitumbwi ya ndagala imevutwa nchi kavu na wanawake wanashuka na bidoni za njano za lita 20, husimama kijana mwenye kizibao cha shirika na ndoo ya maji ya klorini, mkononi ana bomba la sindano lisilo na sindano. Bidoni ikijaa, huvuta kipimo chake, hukimimina mdomoni mwa bidoni, hufunga kifuniko, huitikisa, na humwambia mwenyewe angoje nusu saa kabla ya kunywa. Kisha ya pili, kisha ya mia. Wako wanaomkwepa wakisema maji yananuka dawa, na wako wanaouliza analipwa kiasi gani kuwamwagia kitu hicho. Katika Kongo watu wa kazi hii, wanaopita pia nyumba kwa nyumba kueleza habari za chanjo na usafi, huitwa reko, kifupisho cha jina la Kifaransa la wahamasishaji wa afya wa jamii, nao hawana mshahara ila primu, kijiposho kinachokuja mradi ukiwapo na kukatika mradi unapokwisha. Wengi ni wanafunzi, au walikuwa wanafunzi mpaka karo ilipokosekana.

Na ng'ambo ya ziwa ndiko walikokwenda kujitolea ugenini wana wa pwani hii walio wengi, ijapokuwa hakuna aliyewakatia tiketi. Vita vya mwaka 1996, vilivyoiteka Uvira mwezi Oktoba mwaka huo, viliwavusha kwa mitumbwi na maboti maelfu ya watu wa Uvira na Fizi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao wilayani Kasulu. Shule za Wakongo kambini zimefuata mtaala wa nyumbani kwa Kifaransa, na waliosimama mbele ya darasa ni wakimbizi wenyewe, wakiwemo vijana waliokatizwa masomo yao wenyewe, kwa malipo ambayo hayaitwi mshahara kwa sababu mkimbizi haruhusiwi kuajiriwa kama raia, bali posho ya kutia moyo. Tabia zote za mwanafunzi anayejitolea nje ya nchi wanazo: wako ugenini, kazi haina mshahara, na wanawahudumia walio na shida kuliko wao. Wanachokosa ni tarehe ya kurudi. Hata mwelekeo wa safari hubadilika, maana Uvira nayo iliwapokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015, wakapitia kituo cha Kavimvira kabla ya kupelekwa kambi ya Lusenda, na Desemba 2025, vita vilipoingia Uvira penyewe, makumi ya maelfu walivuka kwenda Burundi kwa njia ile ile.

Mlango rasmi wa kwenda upande wa pili upo, ingawa ni mwembamba. Ujerumani, ambayo tangu mwaka 2008 imewatuma vijana wake nje kwa mpango unaoitwa weltwärts, iliufungua mwaka 2013 kwa vijana wa Afrika na mabara mengine, na tangu hapo vijana kutoka nchi kama Tanzania, Uganda na Rwanda wamekwenda kufanya kazi mwaka mzima katika shule za chekechea na vituo vya walemavu vya Wajerumani. Mwaka mzima si majuma mawili, na hakuna anayeamshwa usiku kurekebisha walichofanya. Lakini kijana wa Kasenga akitaka kuomba viza ya kwenda kujitolea Ulaya kwa pasipoti ya Kongo, dirisha la kawaida liko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka ziwani, ambako hakuna barabara moja inayofika, na nauli ya ndege ya kwenda tu kujibu maswali inazidi primu za miezi mingi za kumwagia klorini. Kavimvira, mpakani na Burundi, ni mwendo wa pikipiki.